Sauti ya Sehemu ya Tatu

Dozi alikuwa jikoni anapanga vikombe kwenye sinia aliposikia baba yake anaanza habari za filamu za Kishindo, akajua mambo yameharibika mapema. Alitegemea angalau chai inywewe kwanza. Mtu akiletewa mchumba wa binti yake nyumbani kwa mara ya kwanza, humuuliza wazazi wazima, kazi inakwendaje, njiani umekuja salama. Hamuulizi anazionaje filamu. Lakini baba yake ndiye huyo, na hakuwa na mwingine wa kubadilishana naye.

"Hebu nikuulize kijana," sauti ya Baba ilipenya mpaka jikoni. "Wewe ni mtu wa sehemu ya kwanza, wa sehemu ya pili, au ndio nyinyi mnaosema zote nzuri?"

Dozi alishika kijiko hewani akangoja.

"Naipenda ya pili, mzee," Shali alijibu.

"Ahaa. Hapo tunaweza kuongea."

Dozi akashusha pumzi, akakishusha na kijiko.

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti tu. Nyumbani walimwita Dozi tangu alipokuwa mtoto anawanywesha wanasesere wake maji kwa kijiko, asubuhi, mchana na jioni, na kuwagombeza waliokataa kumeza. Sasa alikuwa mfamasia, anashinda nyuma ya kaunta akiwaambia watu wazima wamalize dawa hata kama wanajisikia nafuu. Hapo kwenye kaunta ndipo alipompata Shali. Alikuja siku ya jua kali akiwa amejifunga shali shingoni, akamwandikia kwenye simu kwamba anataka vidonge vya kumung'unya vya koo. Kesho yake akaja tena, akaandika tena. Dozi akadhani ni bubu, akawa anamjibu kwa ishara za mikono, na mwanamume yule akawa anamtazama kwa macho yanayocheka. Mpaka siku moja akaja, akaegemea kaunta, akasema kwa sauti nyembamba yenye ufa mdogo katikati, "Leo daktari ameniruhusu kuongea. Nikaona maneno ya kwanza nije niyatumie hapa."

Sauti hiyo ndiyo iliyommaliza. Alimpenda nayo wiki nzima kabla hajajua kwamba Shali anakula kwa sauti nyingine.

Kazi yake ilikuwa kutia sauti kwenye filamu za nje. Filamu inafika watu wanaongea lugha yao, Shali na wenzake wanaingia kwenye chumba kisichopitisha kelele, wanakodolea macho midomo ya wale watu, wanaweka maneno yetu yakae sawasawa na midomo hiyo. Alikuwa askari, alikuwa padri, aliwahi kuwa hata kasuku. Na tangu sehemu ya tatu, alikuwa Kishindo.

Kati ya mashujaa wote waliowahi kuruka angani na kuangusha majengo, alikuwa huyo huyo. Baba yake Dozi alikuwa fundi wa lifti, mtu mpole, aliyezeeka kwenye mashimo ya lifti bila kumtukana hata msaidizi aliyemwangushia spana. Hasira yake yote ya duniani alikuwa ameiweka sehemu moja, na sehemu hiyo ilikuwa sehemu ya tatu. Aliizungumzia kazini, kwenye simu na kwenye harusi za majirani. Kwa hiyo Dozi alimwambia Shali, kwa muda tu, mpaka mzee amzoee, aseme anashughulika na mitambo ya sauti.

Muda tu ukawa mwaka, na mwaka ukaanza kuvuka. Juzi Shali alimshika mkono wakiwa wametoka kazini, akamwambia taratibu, "Nitakuja kwenu. Lakini nikitoka pale bado ni fundi wa mitambo, Dozi, sitarudi tena. Nakupenda mpaka najishangaa. Ila nimechoka kujificha kama nimeiba."

Maneno hayo Dozi alilala nayo, akaamka nayo, na sasa alikuwa anayabeba sebuleni pamoja na sinia.

Sebuleni, Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, na alikuja ili pawe na mtu mzima wa kuongea mambo ya maana. Usoni alionekana mtu aliyekwisha kukata tamaa. Shali alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, magoti pamoja, shali imefungwa vizuri. Baba alikuwa amesimama mbele ya rafu ya filamu zake kama mwalimu mbele ya ubao.

"Sehemu ya kwanza," alisema Baba, "mtu ni fundi mwashi. Ukuta umemwangukia, kaamka ana nguvu kwenye miguu. Akikanyaga chini, majengo yanatikisika. Sawa, naikubali. Sehemu ya pili, yule Profesa Ukungu anataka kuumeza mji, jamaa anaitoa nguvu yake yote, miguu inakufa. Anabaki kwenye kiti cha magurudumu, mke wake anamsukuma, wanacheka. Taa zinawaka. Watu wanafuta machozi wanakwenda makwao. Sasa niambie, kulikuwa na haja gani ya kuendelea?"

"Nadhani watu walitaka kujua kilichofuata, mzee," Shali alisema.

"Kilichofuata nini? Sehemu ya tatu inaanza, mtu huyo huyo anaingia mlangoni kwa miguu yake. Miguu imeponea wapi? Kaitibu nani? Dozi, wewe ni mtu wa dawa. Kuna dawa hiyo?"

"Baba, chai."

"Hakuna dawa hiyo."

"Ile inaelezwa baadaye, mzee," Shali akasema. "Akiwa kule kwenye handaki na yule daktari, anapo..." Akamwona Dozi anavyomtazama, akanyamaza.

"Kumbe umeiona."

"Nimeiona. Mara kadhaa."

"Mara kadhaa," Baba alirudia kwa huruma ya kweli, akamtazama Shangazi kumwonyesha kwamba vijana wa siku hizi wanapitia mengi. "Na ile lifti? Kwenye tangazo lake tu niliona. Lifti inaporomoka ghorofa zote zile, yeye anaizuia kwa unyayo. Lifti haiporomoki hivyo, kijana. Kamba zote zikikatika, chini ya kibanda kuna breki zinazouma reli, inasimama hapo hapo. Nimezifunga kwa mikono hii. Mtu anaweza kukaa ndani anywe uji."

"Kaka," Shangazi alisema, "mwulize basi kijana ana ndugu wangapi."

"Namalizia. Miguu ningesamehe. Lifti ningesamehe. Lakini ile sauti."

"Haya, tumefika," Shangazi akasema, akaufungua mkoba wake akaufunga.

"Kishindo ni Koromeo, yule aliyemtia sauti tangu ya kwanza. Watu wote wanajua Kishindo ni Koromeo. Yule mzee akisema 'ngoja', hata wewe uliyekaa kwenye kiti unangoja. Wakamtoa. Wakatuwekea mtoto. Shujaa anafungua mdomo, tunasikia mtu anaagiza soda."

Shali aliinamisha kichwa, akaikaza shali shingoni. Alipoinua macho, aliyainua kwa Dozi. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Yalikuwa yanauliza kitu kimoja tu, na jibu lake alikuwa nalo yeye, mkononi, pamoja na birika. Dozi akamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

"Shali," alisema haraka, "simu yako haikuachwa kule ngazini?"

Simu ilikuwa mfukoni, kila mtu aliiona ilivyotuna. Hata hivyo Shali alinyanyuka akamfuata nje.

Kwenye ngazi kulikuwa na harufu ya rangi mpya na baiskeli ya jirani. Dozi aliufunga mlango kwa mgongo wake.

"Mwambie," Shali alisema.

"Sio sasa."

"Anasema naagiza soda."

"Na wewe ulikuwa unataka kumweleza habari za handaki. Nani alikutuma?"

"Sijui. Alikuwa anakosea, nikashindwa." Shali aliegemea ukuta, akakumbuka rangi, akajitoa. "Dozi, nimetukanwa na wengi. Kuna waliowahi kuiandikia studio nifungwe. Sikujali. Lakini huyu ni baba yako, natamani anipende, na kila akifungua mdomo ananitukana bila kujua, halafu mimi naitikia 'ndiyo mzee'. Sasa nitamwoa binti yake kwa 'ndiyo mzee' ya uongo?"

Dozi alimpangusa rangi begani kwa kiganja, na kiganja kikabaki pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Chini ya shati alisikia moyo wa mtu unakimbia.

"Nipe mpaka chai iishe," alisema. "Chai ikiisha namwambia mwenyewe. Naapa."

"Chai ya baba yako haiishi. Anaongea."

"Shali."

"Sawa. Tangulia. Nivute pumzi kwanza."

Dozi akaingia, akakaa karibu na Shangazi. Hakujua, wala asingeweza kujua, kwamba watu wa kazi ile wana namna moja tu ya kuvuta pumzi wakiwa na hofu. Wanateremsha mabega, wanaishusha hewa mpaka chini ya kitovu, wanalegeza taya, wanangoja koo lifunguke. Koromeo alikuwa amemfundisha Shali hivyo, na Shali alikuwa hajawahi kuvuta pumzi ile isipokuwa mbele ya kipaza sauti, dakika moja kabla ya kuwa Kishindo. Akaivuta pale ngazini mpaka akatulia kabisa. Akasukuma mlango. Nyuso tatu zikamgeukia, kimya kikawepo kinachohitaji neno, na mdomo ukasema wenyewe.

"Nimerudi."

Sauti ilitoka kifuani, nzito, ikapita juu ya meza na kutikisa vioo vya kabati la vyombo. Shangazi alishika mkoba kwa mikono miwili. Dozi akafumba macho, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Baba aliweka kikombe chini polepole sana.

"Rudia," alisema.

"Mzee, mimi..." Hiyo ilikuwa ile nyembamba, yenye ufa.

"Rudia hilo neno."

Shali angeweza kulirudia kwa sauti yake mwenyewe na mambo yakaishia hapo, kicheko kidogo, masikio ya mzee yamezeeka. Dozi aliyafungua macho akaiona nafasi hiyo ipo wazi kabisa mbele yake. Shali naye aliiona. Akamtazama Dozi, si kwa kuomba ruhusa, ila kwa kumuaga kidogo. Akavuta pumzi.

"Nimerudi," alisema Kishindo.

Baba akatikisa kichwa mara nyingi. "Ni wewe."

"Ni mimi, mzee."

"Fundi wa mitambo."

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo," Dozi alisema. "Yeye alikataa. Nikamlazimisha."

Baba hakupandisha sauti. Angeipandisha ingekuwa nafuu. "Umeniletea nyumbani mtu, binti yangu, nikamkaribisha, nikamfungulia moyo wangu hapa, na muda wote huu mnajua. Mnanitazama. Mnanicheka moyoni." Akamgeukia Shali. "Asante kwa kuja, kijana."

Hakuna asiyejua maana ya asante ya namna hiyo. Shali alimwinamia Shangazi amuage, akainyoosha shali yake, akaelekea mlangoni. Alikwenda bila kukimbia na bila kugeuka, na Dozi alijua kwamba yule mtu hasemi mambo mara mbili. Akipita mlango ule, kaunta ya dawa itabaki na wateja tu.

"Hakuna anayetoka," Dozi alisema, na sauti yake ikamshtua hata yeye. "Shali, simama hapo. Baba, sehemu ya tatu uliiangalia mpaka wapi?"

"Hilo si swali."

"Mpaka wapi?"

"Niliangalia vya kutosha."

"Mwambie, kaka," Shangazi akasema akiutazama mkoba wake. "Mimi nilikuwa hapa siku hiyo uliporudi kutoka sinema. Viatu vyako vilikuwa havijashika hata vumbi."

Baba alipangusa meza isiyo na vumbi. "Mpaka aliposema hilo neno."

"Neno lipi?"

"Hilo. Nimerudi."

Dozi alikaa chini, akasimama tena. "Ndilo neno la kwanza la filamu, Baba. Miaka yote hii naisikia filamu hii ikitukanwa nikipika, nikioga, nikiongea na simu. Nimeificha kazi ya mwanamume ninayempenda kama bangi. Kumbe umesikia neno moja?"

"Lilinitosha."

"Kwa nini lilikutosha?"

Baba alipangusa tena ile meza. Na Dozi, aliyekuwa amechoka, amechoka na miguu ya Kishindo na breki za lifti na hofu yake mwenyewe, akalisema lile ambalo nyumba ile ilikuwa imelizunguka siku zote.

"Ya pili mlikwenda na Mama. Ya tatu ukaenda peke yako, na kaburi lake lilikuwa bado halijaota majani. Taa zikazimwa, mtu akaingia mlangoni mzima, anasema amerudi, na sauti si yenyewe. Huyu hajakukosea kitu, Baba. Una hasira kwamba Mama hakurudi. Hata mimi ninayo. Lakini yangu sikumpa mtu ambaye simjui."

Maneno yakaisha. Dozi akaona aibu, ila hakuyarudisha. Baba alikuwa anatazama televisheni iliyozimwa, na kwenye kioo chake cheusi walionekana wote wanne, wadogo, kila mmoja peke yake.

Shangazi ndiye aliyenyanyuka. Alikwenda kwenye rafu, akapitisha kidole kwenye migongo ya makasha, akachomoa moja. Lilikuwa bado kwenye nailoni ya dukani.

"Na hii ulinunua ya nini, kama ni takataka?"

"Pengo lilikuwa linaonekana," Baba alisema. "Ya kwanza, ya pili, halafu wazi. Haipendezi."

Shangazi akaitia nailoni meno.

"Dada, usi..."

"Nyamaza. Umri huu wote umenikalisha nasikiliza habari za miguu ya mtu. Leo na mimi nataka kuiona. Wewe kijana, njoo ukae, na uniambie hii mashine inawashwaje."

Wakakaa. Kishindo akaingia mlangoni kwa miguu yake, akasema amerudi. Baba alikuwa amegeuzia uso dirishani, lakini hakutoka. Mwanzoni alinung'unika kila jambo. Yule askari alikuwa kavaa kofia nyingine sasa hivi. Moto hauwaki kwenye maji. Shangazi akamwambia kama anataka kuongea akaongee na baiskeli ya jirani, na kidogo kidogo manung'uniko yakawa ya mbali mbali. Shali hakuitazama filamu hata kidogo. Alikuwa anamtazama Baba pembeni ya uso, na Dozi alikuwa anamtazama Shali, na chai ikapoa kwa wote.

Ikafika pale Kishindo na mke wake wamekaa chini jikoni kwao, amevua viatu. Mke anaishika miguu ile iliyopona, anaikagua, anamwambia afadhali ilivyokuwa imekufa, maana ilikuwa hainuki. Kishindo anacheka. Kicheko kilianza kwa kwikwi moja ndogo, kikakatika kama kimesahauliwa, halafu kikamwagika chote.

Baba alisimama.

"Simamisha."

Shali akasimamisha. Kwenye kioo Kishindo alibaki mdomo wazi.

"Hicho si chako," Baba alisema.

"Si changu, mzee."

"Hicho ni cha Koromeo. Kimetoka ya pili. Pale mwishoni, kwenye kiti cha magurudumu."

"Ndicho hicho hicho." Shali aliongea kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kaunta, akiwa ameiweka mikono katikati ya magoti. "Hawakumtoa Koromeo, mzee. Alipasuliwa koo, sauti ikaenda. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na yeye ndiye aliyesema niingie mahali pake. Siku za kurekodi alikuwa anakaa karibu yangu. Hasemi, ila ananibana goti pale pa kuvuta pumzi, ananiachia pale pa kusema. Tukafika kwenye kicheko. Nilicheka tangu asubuhi mpaka watu wakaenda kula wakarudi. Kila nikicheka, Koromeo anagonga meza, hapana. Mwishowe akainama, na mimi nikaona kumbe anatafuta cha kwake na hakitoki. Nikamwambia mkubwa wa studio tukitoe cha zamani tukiweke hapo. Akasema watu watajua. Nikasema atakayejua ni yule aliyempenda tu, na huyo hatakasirika. Hakuna aliyejua mpaka leo."

Baba alikaa chini taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti kigeni.

"Mama yake Dozi alikuwa anakiiga," alisema. Alikuwa anaongea na Shali, si na wao. "Kile cha kwikwi mwanzoni. Nikirudi nimechoka, nina grisi mpaka masikioni, ananifungulia mlango ananichekea hivyo hivyo. Namwambia acha, umezidisha. Hazidishi. Alikuwa amekipatia kabisa." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Hebu rudisha."

Shali akarudisha. Kishindo akacheka.

"Rudisha tena."

Mara hiyo mabega ya Baba yalitikisika, na hakuna aliyemgeukia kuona kama ni kicheko au ni kile kingine. Shangazi alitoa leso kwenye mkoba, hatimaye mkoba ukapata kazi. Dozi alinyoosha mkono juu ya kochi bila kuangalia, na vidole vya Shali vilikuwa tayari vipo pale vinamngoja.

"Amekufa?" Baba aliuliza baadaye.

"Nani, mzee?"

"Koromeo."

"Yupo. Mzima kabisa. Hana sauti tu. Mimi sina wazee waliobaki. Yeye ndiye niliyemwomba aje hapa kunisemea, kama ungekubali."

Shangazi aliinua uso kutoka kwenye leso. "Mshenga asiye na sauti?"

"Ndiye niliye naye, Shangazi."

Baba alimtazama Kishindo kwenye kioo kwa muda. Kisha akamtazama Shali, kwa mara ya kwanza tangu asante ile.

"Mwambie aje," alisema. "Na asihangaike kuandika wala kunyoosha mikono. Akishakaa hapo, mimi nitajua amekuja kuomba nini." Akamgeukia binti yake. "Wewe na uongo wako tutaongea."

"Tutaongea, Baba."

"Na lifti haiporomoki hivyo."

"Nilimwambia mkubwa wa studio, mzee," Shali alisema. "Alisema breki hazina msisimko."

Baba akaguna. Lilikuwa guno ambalo Dozi alilijua: hivyo ndivyo alivyokuwa akiguna kwa mafundi wenzake.

Filamu ilipokwisha Dozi alimsindikiza Shali mpaka ngazini, kwenye baiskeli na harufu ya rangi. Huko akamwegemea kifuani, naye akaifungua shali akamzungushia nusu yake. Dozi alisikia moyo wa mtu uliotulia, akafikiri kwamba angeweza kusimama pale mpaka rangi ikauke na ibanduke tena.

"Sauti yako niliipenda kabla hujasema habari za Kishindo," alimwambia. "Uijue hiyo."

"Ipi?"

"Hii inayoniuliza."

Mlango ukafunguka kidogo, na sauti ya Baba ikatoka ndani.

"Dozi, mwambie arudi. Sehemu ya nne nayo ipo. Haijafunguliwa."

Dozi akafumba macho. "Ikoje hiyo ya nne?"

"Mbaya," Shali alinong'ona. "Mbaya kabisa. Kuna mbwa anaongea."

"Mbwa katiwa sauti na nani?"

Shali akatazama baiskeli. "Na mimi."

Dozi alicheka mpaka akashika ukuta, na rangi ikamshika kiganja chote. Halafu akamsukuma mlangoni na mkono ule ule, akamwachia alama mgongoni. "Ingia. Na safari hii usivute pumzi."

Baba alikuwa amekaa mbele ya televisheni, rimoti mkononi, kasha jipya magotini, nailoni imekwisha kuchanwa. Hakugeuka.

"Sema basi," alisema.

"Niseme nini, mzee?"

"Mtu akiingia kwake husemaje?"

Shali alisimama mlangoni. Alimtazama Dozi, kisha ule mgongo wa mzee unaongoja. Mabega hakuyateremsha, taya hakuilegeza. Sauti ikatoka nyembamba, na ufa wake katikati.

"Nimerudi."

"Karibu," Baba akasema, akasogea kumpa nafasi.